Kitabu cha Baba na Jina la Mazin

Sitaki kujitia wema mwanzo wa habari hii, halafu mnikute vingine mbele ya safari. Mimi Wahida binti Hilal, mwalimu mstaafu wa skuli ya wasichana hapa Jidda, nikimchukia mtu humchukia kwa moyo wote, sibakishi. Na mtu niliyemchukia kuliko wote ni Mazin, kijana niliyemlisha wali kwa mkono wangu. Lakini chuki yangu haitaeleweka mpaka nieleze kwanza habari za baba yangu, na baba yangu haelezeki bila ya Mromania mmoja aliyefia gerezani kabla mimi sijazaliwa. Basi nivumilieni.

Baba yangu ni mhandisi wa maji. Ameitumikia Jidda miaka thelathini, na mtaani kwetu Aziziya wazee wenzake wanamjua kwa mawili: aliwagombeza watoto wanaoacha mfereji wazi, na hakupata kusema uongo hata wa kumfurahisha mgeni. Akipewa biriani isiyoiva atasema haikuiva. Marehemu mama yangu alikuwa akimficha jikoni wageni wanapokuja, ili asiulizwe chochote.

Alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi. Mwaka 1963 walimpeleka Misri kusoma, na miezi michache baadaye yakatokea mapinduzi, jamaa zake wakatawanyika. Bibi yangu aliingia Hijazi pamoja na mahujaji, akabaki. Baba alikuwa Kairo na sanduku moja la nguo na pasipoti ya serikali isiyokuwapo tena. Waromania walikuwa wakigawa nafasi za masomo, akaomba, akapata. Akaenda Bukaresti kusomea mabomba, akiwa na umri wa miaka ishirini, hana nchi ya kurudi.

Huko ndiko alikokutana na Bi Aglaia. Alikuwa bibi mzee, mwembamba, anakaa chumba kimoja katika nyumba ya vyumba tisa alimopangishwa Baba. Nyumba nzima ilikuwa ya baba yake zamani. Serikali ilipoichukua iliwapa watu wengine vyumba vinane, yeye ikamwachia kile cha mtumishi. Kahawa ilikuwa adimu mjini. Baba alikuwa akitumiwa na rafiki zake wa Kairo, na siku moja alimpa yule bibi robo kilo kwa kuwa alimwona akinusa hewa mlangoni pake. Kuanzia hapo yule bibi akawa anamfundisha Baba lugha ya huko kila Jumapili, na kahawa ikiisha kuiva, anaiongeza sauti redio ili majirani wasisikie, ndipo anaanza kumsimulia habari za baba yake.

Jina lake Ilarie Stoinescu. Alikuwa mwanasheria wa mji mdogo kando ya mto Danubi, mtoto wa watu wenye mashamba. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, wakulima wa nchi ile wakapewa kura kwa mara ya kwanza, naye akaingia bungeni kwa chama cha waliberali. Ikaja sheria ya kugawa ardhi. Akaipigia kura, na shamba la baba yake likamegwa robo tatu. Ndugu zake wawili walikaa miaka kumi na moja hawampi salamu. Nilimuuliza Baba nikiwa mdogo mliberali ni mtu gani. Akafikiri sana, kisha akaniambia ni mtu anayetaka hata adui yake apate wakili.

Alikuwa Waziri wa Sheria mara mbili, na ukizijumlisha zote mbili haifiki miaka mitatu. Serikali za huko zilikuwa zikianguka kila baada ya muda mfupi. Kati ya mara ile ya kwanza na ya pili, vijana wa mashati ya kijani, chama cha wachukia Wayahudi, walichoma kiwanda cha uchapaji cha Myahudi mmoja, na uchaguzi ulikuwa umekaribia. Wenzake chamani walimwambia anyamaze, kura zitapotea. Akaenda mahakamani mwenyewe kumtetea mchapaji, akashinda kesi, akashindwa uchaguzi. Baadaye vijana wale wale walimvizia nje ya nyumba ya tamthilia wakampiga, sikio lake la kushoto halikusikia tena. Mfalme alipovifunga vyama vyote, Stoinescu alimwandikia barua ya kurasa mbili kumwambia kwamba kiapo alichokula kwa katiba bado kipo. Hakujibiwa. Alifungiwa shambani kwake. Vita vya Pili vikaja vikapita, wakaja watawala wapya, na hao nao wakamwona adui. Walimchukua akiwa mzee wa miaka sabini wakampeleka gereza la mpakani kaskazini, na huko akafa. Bi Aglaia hakuonyeshwa hata kaburi.

Baba aliyaandika yote hayo, Jumapili kwa Jumapili, katika madaftari. Aliandika kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, vile alivyofundishwa chuo cha Kurani Malindi. Mwaka wa pili polisi wa usalama walimchukulia daftari moja. Walikaa nalo siku nne. Wakamwita mwanafunzi wa Kisiria awasomee, naye akazisoma herufi zote sawasawa asiambulie hata neno moja, akawaambia huenda ni dua. Wakamrudishia. Baba akinisimulia hilo alikuwa akicheka mpaka anafuta machozi, na ndiyo furaha kubwa niliyopata kumwona nayo.

Alikuja Jidda mwaka 1972 na madaftari yake kumi na moja. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana alikaa nayo, anafuta, anaongeza, anapanga upya. Mama alikuwa akimwita Stoinescu mke mwenzake. Baba akitaka chai huambiwa, “Kamwambie mwenzangu akupikie.” Miaka hamsini hivi. Hakuna aliyekisoma kitabu kile ila mimi.

Sasa Mazin.

Baba yake alikuwa rafiki wa baba yangu, nao ni watu wetu wa Unguja waliohamia Riyadh. Baba yake alifariki Mazin akiwa na miaka kumi. Kila likizo mtoto alikuwa akiletwa kwetu. Hakuwa na adabu mbaya, hilo siwezi kumsingizia. Alikuwa akibusu mkono wa Baba bila ya kuambiwa. Akasoma fasihi, akapata shahada ya udaktari, akaajiriwa na nyumba moja ya kuchapisha vitabu Riyadh, maeneo ya Olaya. Miaka mitatu iliyopita alikuja Idi akayaona madaftari juu ya meza, akakaa nayo sakafuni mpaka alasiri. Kiswahili alikijua kwa mama yake, na herufi si shida kwake.

“Ami Hilal,” akasema, “hiki hakifai kukaa hapa. Nipe nikifasiri kwa Kiarabu mwenyewe, tukitoe. Jina lako litasomwa Baghdad na Rabat.”

Baba akaanza kuyakusanya madaftari. Nikamwambia tuyapige picha kwanza madaftari, kila ukurasa. Akaniangalia kwa uchungu, akasema mtoto wa nyumbani hafanyiwi kama mwizi. Tukayatia yote kumi na moja katika mfuko wa duka, Mazin akaondoka nayo.

Mwaka wa kwanza alipiga simu kila wiki. Mwaka wa pili, kila mwezi. Mwaka wa tatu akawa anapigiwa. Kitabu kiko kwa wasahihishaji, anasema. Kiko kwa mchora jalada. Madaftari? Yamepotea katika kuhama nyumba, kahamia mtaa wa Murabba, yatapatikana inshallah. Na katika miaka hiyo mitatu, macho ya Baba yakamalizika. Presha ya macho ilimla jicho moja, halafu la pili. Nikamchukua Velma, binti wa Kikenya kutoka Kakamega, amhudumie mchana. Alimzoea upesi. Kila siku saa nne asubuhi Baba alikuwa akimuuliza, “Mazin kapiga?”

“Bado, Mzee,” Velma humjibu. “Lakini network nayo ni mbaya, usijali.”

Siku moja mwezi wa pili, binti ya shangazi yangu anayekaa Riyadh, Safa, akaniletea picha kwa simu. Bango refu, na juu yake uso wa Mazin amefunga kilemba vizuri. Chini yake: Waziri wa Mto Danubi, Maisha ya Mliberali Kati ya Vita Viwili. Utafiti wa Dakta Mazin. Safa kaandika, “Mashallah, kijana wenu.”

Nilichukua gari nikaenda duka la vitabu, nikakinunua, nikakisoma humo humo garini, kiyoyozi kikiwaka, tangu adhuhuri mpaka nilipoona watu wanatoka msikitini sala ya isha. Nilimtafuta Baba ukurasa kwa ukurasa. Katika shukrani hayumo. Katika utangulizi hayumo. Mazin ameandika kwamba alisafiri Bukaresti mara tatu, kwamba alizungumza na jamaa wa waziri, kwamba alipekua nyaraka. Na kahawa ya Bi Aglaia imo, na redio imo, ila anayekaa akinywa ile kahawa ni “mwanafunzi mmoja Mwarabu”. Miaka hamsini ya baba yangu imekuwa mwanafunzi mmoja.

Sikutaka haki. Naomba nieleweke vizuri. Haki ni kwenda kwa wakili, na wakili angetaka madaftari, na madaftari anayo yeye. Nilitaka kumwona Mazin anadhalilika mbele ya watu wanaomheshimu, na nilitaka kuwepo. Na nilitaka jina la Baba liwe juu ya jalada lile akiwa bado yuko hai wa kuambiwa.

Nikakisoma tena nyumbani, safari hii na kalamu. Ndipo nilipoliona.

Kwa wasiojua mambo ya huku: zamani, mtu asiyejua siku aliyozaliwa akienda serikalini kuandikisha karatasi zake, karani hakuwa akipoteza wakati. Alimwandikia tarehe moja mwezi wa saba, na mwaka wa kukisia. Wazee wetu takriban wote wamezaliwa tarehe moja mwezi wa saba. Baba, mama, bibi, mashangazi watatu, na Wasaudi wenyewe pia, mabedui na watu wa mjini. Ukienda hospitali siku hiyo, kompyuta inawapongeza nusu ya wagonjwa. Na Baba, aliyekaa miaka mingi na karatasi kama hizo, alikuwa na desturi moja katika uandishi wake: mtu ambaye Bi Aglaia hakujua siku yake ya kuzaliwa, alimwandikia tarehe moja mwezi wa saba. Aliniambia siku moja kwamba atarekebisha baadaye akipata nyaraka, na kwamba kwa sasa hawa ni watu wetu, wamezaliwa kwa karani. Hakupata nyaraka. Na Mazin, katika haraka yake, amezifasiri zote.

Niliwahesabu. Dereva wa gari la farasi, ukurasa wa arubaini na moja. Mjane aliyetoa ushahidi katika kesi ya kiwanda, ukurasa wa themanini na nane. Mchapaji mwenyewe. Na askari jela. Waromania wanne, Wakristo watatu na Myahudi mmoja, wote wamezaliwa kwa karani wa huku kwetu.

Nilimwambia Baba naenda Riyadh kwenye harusi. Uongo wangu wa kwanza huo. Nikapanda ndege asubuhi, nikachukua metro mpaka Olaya, nikauliza hoteli yenye hafla ya kitabu, nikaingia nikakaa safu ya tatu. Ukumbi ulikuwa na watu kama mia mbili, wengi vijana wa vyuo, na safu ya mbele wazee wenye bishti, yale majoho ya heshima. Mazin alisoma kurasa mbili akapigiwa makofi. Aliniona alipoinua kichwa kunywa maji. Uso ulimshuka, lakini akajikaza akatabasamu, akadhani nimekuja kulia faraghani.

Wakapitisha kipaza sauti. Nikanyoosha mkono.

“Dakta Mazin,” nikamwambia kwa Kiarabu, kwa upole kabisa, “nimekisoma kitabu mara mbili. Naomba unisaidie. Dereva wa waziri, ukurasa wa arubaini na moja, alizaliwa lini?”

Akafungua. “Tarehe moja mwezi wa saba.”

“Na yule mjane, themanini na nane?”

Alichelewa kidogo. “Tarehe moja mwezi wa saba. Ni... imesadifu.”

“Na mchapaji? Mia moja na thelathini.”

Hakufungua. Mzee mmoja wa safu ya mbele, mwenye kitabu mkononi, akamfungulia yeye, akasoma kwa sauti, kisha akasema, “Ajabu. Na mimi nimezaliwa siku hiyo hiyo.”

Ukumbi ukaanza kucheka. Mwenziwe wa pembeni akasema naye pia, basi wote wawili wana asili ya Romania.

“Nyaraka hizi umezipata wapi, Dakta?” nikauliza.

“Bukaresti,” akasema.

“Bukaresti nako kuna karani wetu?”

Hapo watu walicheka kwa dhati, wale vijana wakapiga meza, na kila mmoja alikuwa na babu nyumbani kwa hiyo hapakuwa na haja ya kueleza. Nikasubiri wanyamaze. Nikatoa nakala ya kitambulisho cha Baba nikampa yule mzee, nikamwomba asome jina na tarehe. Akasoma: Hilal bin Said, tarehe moja mwezi wa saba. Nikawaambia huyu ndiye aliyekunywa kahawa ile, ndiye aliyeandika kitabu hiki kwa Kiswahili miaka hamsini, na sasa ni kipofu, yuko Jidda, kila asubuhi anauliza kama Mazin kapiga simu. Hakucheka mtu tena. Mwenye nyumba ya kuchapisha alisimama akamwangalia Mazin, na Mazin akaangalia meza.

Nilifurahi. Sitasema nilimwonea huruma, sikumwonea. Nilimwangalia jasho likimtoka chini ya kilemba na roho yangu ikapoa, ikapoa, kwa mara ya kwanza tangu lile bango.

Mazin alinifuata nje ya ukumbi, karibu na lifti.

“Dada Wahida, ungenipigia simu tu.”

“Ningekupigia ungesema kiko kwa wasahihishaji.”

“Waliniambia hakuna atakayenunua kitabu cha mhandisi wa mabomba asiyejulikana. Nikasema tutoe kwanza kwa jina langu, toleo la pili tubadilishe. Wallahi nilikusudia.” Akasogea mbele ya lifti. “Lakini nilikifasiri, Dada. Miaka miwili. Kurasa mia tatu na ishirini, kila sentensi nimeifanya mara tatu, nne. Kile Kiarabu unachokisoma ni changu. Hilo huwezi kuniambia ni uongo.”

Si uongo. Kile Kiarabu kilikuwa kizuri sana, nilikuwa nimelia juu yake garini. Nikabonyeza kitufe cha lifti. “Halas, Mazin,” nikamwambia, nikaingia.

Baada ya wiki mbili nyumba ile ya kuchapisha ilikuwa imekiondoa kitabu madukani, imemwachisha Mazin kazi, na imeniandikia barua ya kuomba radhi: watatoa toleo jipya kwa jina la Baba. Madaftari nayo “yakapatikana”. Mazin aliyaleta mwenyewe mpaka Aziziya, katika mfuko ule ule, na mimi nilikuwa sokoni. Velma ndiye aliyemfungulia. Niliporudi nilimkuta keshaondoka, na Baba amekaa na daftari mapajani, analipapasa.

“Huyo kijana alilia sana, madam,” Velma akaninong'oneza. “Alipiga magoti hapo kwa carpet. Mzee alimshika tu kichwa.”

Basi Baba akawa amejua yote. Nilikaa mbele yake nikitazamia kushukuriwa.

“Wahida,” akasema, “unaikumbuka habari ya Grigore?”

Naikumbuka, na ndiyo sehemu ya kitabu nisiyoipenda. Grigore alikuwa katibu wa Stoinescu. Aliziiba barua zake akawauzia wapinzani wake, na waziri akaanguka kwa ajili hiyo, mara ile ya kwanza. Aliporudi wizarani mara ya pili, likamfikia mezani faili la watu waliofanya mtihani wa uhakimu. Jina la kwanza lilikuwa Grigore. Wasaidizi wake walimwambia, huyu mlipe sasa, lifute jina lake. Stoinescu aliuliza jambo moja tu: mtihani kaufanya mwenyewe? Wakasema kaufanya mwenyewe. Akatia sahihi.

“Naikumbuka, Baba.”

“Mazin kaniibia jina, na wewe umenirudishia, Mungu akujaalie. Kafukuzwa kazi, hilo kajitakia. Lakini kufasiri, kafasiri mwenyewe. Jina lake liwekwe chini ya langu. Amefasiri Mazin. Maneno mawili tu.”

“Baba, mtu huyu alikufanya mwanafunzi mmoja Mwarabu.”

“Najua alivyonifanya. Sikukuuliza kanifanya nini.” Hakupandisha sauti. “Nimeandika miaka hamsini habari za mtu asiyemnyima adui yake kilicho chake. Kikitoka bila ya jina la aliyekifasiri, mimi nitakuwa nimeandika upuuzi. Bora kisitoke.”

Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo nikiwa nimeuma meno mpaka taya linauma.

Fomu ya mchapaji ilikuja kwa kompyuta. Jina la kitabu. Mwandishi. Mfasiri. Nilijaza mstari wa kwanza na wa pili. Wa tatu nilikaa nao siku tatu. Nikaandika Mazin, nikafuta. Nikamfikiria yule mtoto wa miaka kumi anayebusu mkono bila ya kuambiwa. Nikamfikiria Baba saa nne asubuhi, anauliza kama Mazin kapiga. Nikajiambia huyu akiwekwa hapa, kesho atasimama ukumbi mwingine na kilemba chake, na watu watasahau, watu husahau upesi sana, atakuwa tena Dakta Mazin wa kitabu maarufu. Mchapaji akanipigia kuuliza mbona mstari uko wazi. Nikamwambia mfasiri hataki kutajwa. Akasema, “Yalla, kheri,” akakata simu.

Kitabu kilifika jana, katika sanduku la nakala ishirini. Jalada zuri, rangi ya kijivu, herufi zimechapwa kwa kuinuka hata asiyeona anazigusa. Velma alikuwa na bakuli la uji mkononi.

“Madam, huyu Mzee amekataa kukula tangu asubuhi. Ati anangoja kitabu.”

Nikampa. Alikinusa kwanza. Kisha akapapasa jalada kwa kidole cha shahada, kutoka kulia, pole pole, akalipata duara la herufi ya kwanza, akalisoma jina lake lote kwa kidole, Hilal bin Said, midomo ikitembea. Velma aligeuka akajifuta uso kwa mkono wa nguo.

“Na la Mazin umeliweka?” Baba akauliza.

Velma Kiarabu hasomi. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani.

“Nimeliweka, Baba.”

“Liko wapi? Nionyeshe.”

Nikakichukua kidole chake, nikakipitisha juu ya jalada, nikakiweka juu ya jina lake mwenyewe kwa mara ya pili.